Bi Siwema na Kapu la Taifa

Ipo nchi inaitwa Afueni. Usiitafute kwenye ramani, maana wachoraji wa ramani ni watu wa haraka na nchi nzuri huwapita. Mashariki imepakana na hotuba, magharibi imepakana na hotuba, na katikati wanaishi watu wapole wanaopenda kupiga makofi. Mimi ninayesimulia sina ugomvi nayo hata kidogo. Nimekula pilau yake na nimekunywa chai yake, na nitakayoyasema hapa nayasema kwa mapenzi tu. Atakayesikia vingine alaumu masikio yake.

Katika Afueni ni kosa kutaja bei kwa fedha. Wataalamu walisema fedha ni kitu kigeugeu: leo noti ina picha ya tausi, kesho ina picha ya Mlezi Mkuu wa Taifa, keshokutwa haifungi hata kitumbua. Jasho, walisema, halidanganyi. Ikapitishwa sheria kwamba kila bidhaa itajwe kwa muda ambao mwananchi wa kawaida hufanya kazi mpaka aipate. Ukiingia dukani huulizwi una shilingi ngapi. Muuza duka anakwambia, "Sukari ni tangu chai ya asubuhi mpaka jua la utosi," nawe unajipapasa mgongo uone kama unao.

Lakini mwananchi wa kawaida ni nani? Swali hilo liliwasumbua mawaziri kwa muda mrefu, kwa kuwa hapakuwa na hata mmoja kati yao aliyepata kukutana naye. Mwisho wakakata shauri achaguliwe mmoja, apewe kazi ya kuwa wa kawaida, na asiruhusiwe kuwa kitu kingine. Gari la serikali likaenda mpaka machimbo ya mawe ya Kilimachuma, ambako wanawake huponda kokoto za kujengea majumba ya watu wengine. Likarudi na binti mmoja mwenye mikono mipana, aliyekutwa ameketi na dada yake mkubwa kwenye lundo moja. Dada mtu, Mashavu, alikuwa anakohoa wakati gari linafika, na serikali haikutaka mwananchi wa kawaida anayekohoa. Ikamchukua Siwema.

Basi kila mwaka ikawa hivi. Inafika Siku ya Wepesi, uwanja wa taifa unajaa, Mlezi Mkuu anaketi kwenye kiti chake, na Siwema analetwa katikati na nyundo. Mbele yake kinawekwa kirundo cha mawe, debe, na kando yake Kapu la Taifa: kilo ya sukari, mche wa sabuni, chupa ya mafuta ya taa na doti ya kanga. Anaponda. Debe likijaa linamwagwa, linahesabiwa, anaanza jingine, mpaka malipo ya kokoto yafikie thamani ya kapu. Hapo kengele inalia, na Waziri wa Wepesi wa Maisha anautangazia ulimwengu imechukua muda gani. Itifaki inasema kengele isipolia hanyanyuki mtu wala hali mtu, hata Mlezi Mkuu mwenyewe, kwa kuwa siku hiyo Taifa zima linafunga pamoja na mama wa kawaida. Ni itifaki nzuri sana, na aliyeitunga alipewa nishani.

Mwaka wa kwanza Siwema aliponda tangu alfajiri mpaka jua likataka kuzama. Mlezi Mkuu, wakati huo kijana mwembamba, alipepesuka kwa njaa. Inasemekana usiku ule aliwaita wataalamu akawauliza kwa upole kama wanapenda kazi zao.

Wataalamu wakaingia kazini. Waligundua kwamba jiwe la kawaida linamwonea mwananchi wa kawaida, wakamletea mawe ya taifa, yaliyochomwa kwa magogo siku saba na kumwagiwa maji ya baridi, mpaka ukiyatazama kwa jicho kali yanapasuka yenyewe. Waligundua kwamba debe ni refu bila sababu, wakalipandisha kitako. Muongo uliofuata wakahamia kwenye kapu. Sukari ya kisasa ni tamu zaidi, kwa hiyo kilo yake ikawa nyepesi zaidi. Sabuni ya kisasa haihitaji ukubwa, maana uchafu wenyewe umepungua. Mafuta ya taa yakawa nusu chupa kwa sababu siku zimekuwa na mwanga. Na kuhusu doti ya kanga, tume ya maprofesa ilizunguka nchi nane, ikarudi na ripoti kwamba kanga ya pili huvaliwa juu ya ya kwanza, jambo ambalo kitaalamu ni kujirudia.

Hivyo muda ukashuka, muongo kwa muongo. Watoto wa shule wakaimbishwa: bibi aliponda siku mbili, mama akaponda siku moja, na sisi tunaponda mpaka saa nne tu. Siwema naye, kadiri alivyozeeka, ndivyo alivyozidi kuwa na kasi. Wengine wangeshangaa. Yeye hakushangaa. Alijua ni mikono yake.

Tusimcheke. Alipewa nyumba ya bati yenye redio, picha yake ikachapwa kwenye majalada ya madaftari, na kila siku alipelekwa kwenye viwanda na mashule kuonyesha jinsi nyundo inavyoshikwa. Ukiambiwa kwa miaka yote hiyo kwamba una mikono ya baraka, na kila jiwe likipasuka ukiligusa, utaamini nini? Zaidi ya hapo alikuwa na ahadi. Mwaka ule wa kwanza Mlezi Mkuu alimshika bega akamwambia mbele ya halaiki: "Mama, muda wote utakaouokoa kwa nyundo yako Taifa litakuwekea. Siku utakayouhitaji, utarudishiwa wote." Siwema akaliweka neno hilo moyoni. Aliona muda wake umelala mahali fulani, mwingi, safi, unamngoja.

Jambo moja tu lilimuudhi, nalo ni dada yake. Kila baada ya Siku ya Wepesi malipo ya debe hupangwa upya kwa nchi nzima, kwa mfano wa Siwema. Kama yeye anajaza debe kabla chai haijapoa, basi debe ni kazi ndogo, na kazi ndogo hulipwa kidogo. Ni hesabu ya wazi. Lakini Mashavu, aliyebaki Kilimachuma, alikuwa akitoka nyumbani na nyota na kurudi na nyota, na bado jikoni kwake kulikuwa kukavu. Siwema akimtembelea sikukuu, na kifurushi cha sukari ya serikali mkononi, hakuweza kujizuia.

"Dada, wewe unaponda kama mtu anayebembeleza mtoto. Inua mkono! Tazama mimi."

"Nakutazama, mdogo wangu."

"Tumezaliwa tumbo moja. Mimi napata kapu zima mpaka saa nne, wewe unashindwa sabuni. Huo si uvivu?"

Mara moja, zamani, Mashavu alijaribu. Alisema, "Siwema, hayo mawe yako si mawe yetu." Siwema aliweka kikombe chini akamtazama dada yake kwa huzuni. "Kijicho hicho, dada," alisema. "Mungu akuondolee." Mashavu hakurudia tena.

Mwaka ambao Taifa lilikuwa linajiandaa kwa jubilei ya Siku ya Wepesi, alifika mwanamke mmoja wa machimboni, Chausiku, akasimama kwenye mlango wa nyumba ya bati bila kuingia kwa sababu miguu yake ilikuwa na vumbi.

"Dada yako amelala, Bi Siwema. Ni kifua. Zahanati wamesema vumbi la mawe limejaa ndani, hakuna dawa ya kulitoa. Anataka mtu wa kukaa naye. Watoto wako mbali, na mimi nina wangu wadogo."

Siwema alilia, kisha akajifuta. Mbona jambo lenyewe rahisi? Alikuwa na muda, tena muda wa miaka mingi. Akavaa kanga yake ya serikali akaenda Ofisi ya Muda Uliookolewa.

Ofisi hiyo ni jengo kubwa lenye baridi. Watu walikuwa wamepanga mstari unaozunguka jengo mara mbili, wote wamekuja kudai muda wao, na wengine walikuwa wamezeekea hapo hapo. Wauza karanga walifanya biashara nzuri. Siwema, kwa kuwa alikuwa mwananchi wa kawaida rasmi, aliruhusiwa kupita mbele, mpaka chumbani kwa Waziri wa Wepesi wa Maisha, Dakta Pazi. Huyu alikuwa bwana mnene mwenye sauti laini, ambaye katika maisha yake hakupata kubeba kitu kizito kuliko faili.

"Mama wa Taifa!" alisema, akanyanyuka nusu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuchukua muda wangu. Si wote. Dada yangu anaumwa, nataka nikakae naye mpaka... mpaka Mungu atakavyoamua."

Dakta Pazi alifurahi sana kusikia hayo. Alisema muda wake upo, wala hakuna aliyeugusa. Lakini ni muda wa kitaifa, umechanganywa na wa wenzake, na ukichotwa sasa, kabla ya jubilei, takwimu zitapata baridi. "Jubilei ikishapita tu, mama. Kengele ikilia, muda wako unatoka. Mlezi Mkuu mwenyewe atakukabidhi."

"Na dada yangu?"

"Mpe salamu zetu. Mwambie avumilie, maisha yanazidi kuwa mepesi." Akafikiri kidogo, maana hakuwa mtu mbaya. "Nitakupa siku moja. Tutaiita ziara ya hamasa."

Siku hiyo moja Siwema alifika Kilimachuma asubuhi mapema. Alimkuta Mashavu amekaa kitandani, anajaribu kufunga kanga ili atoke.

"Unakwenda wapi, dada, na hali hii?"

"Lundo," Mashavu alisema, akipumua kwa tabu.

Wanawake wa Kilimachuma wana desturi yao, nayo ni ya tangu mama zao. Kila mmoja ana lundo lake la mawe, alilolipata kwa kuchoma mwamba kwa mipira ya magari mikuukuu na kuupasua kwa mtaimbo. Mwenye lundo asipoonekana mpaka jua likafika utosini, lundo ni la atakayelikalia. Lakini akija ndugu yake wa tumbo moja akaketi hapo badala yake, haligusi mtu. Wanaita kukalia lundo.

"Lala," Siwema alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu. "Leo nakukalia lundo mimi. Nitakujazia madebe ya wiki nzima kabla hujaamka."

Akatoka na nyundo ya Mashavu. Wanawake walipomwona wakanyamaza, wote, mpaka nyundo ya mwisho ikanyamaza. Siwema akaketi, akanyoosha miguu kama anavyoketi uwanjani, akachagua jiwe, akainua mkono wa baraka, akapiga.

Jiwe halikufanya kitu. Nyundo ilirudi juu na kumtetemesha mpaka meno. Akapiga tena. Akapiga mpaka likatoa kipande kidogo kama ukucha, kikaruka, kikampasua shavu. Akafikiri amepata jiwe bovu, akachukua jingine, nalo lilikuwa bovu, na lililofuata. Jua lilipofika utosini viganja vyake vilikuwa vimefanya malengelenge, na debe, alipochungulia, lilikuwa giza kama kisima, na kokoto zake chini kabisa zimekusanyika kwa aibu. Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililomuumiza. Chausiku alikuja kimya, akamfunga kitambaa mkononi, akarudi kwenye lundo lake.

Mpaka jua linazama, Siwema, Mponda Kokoto wa Taifa, hakuwa amejaza debe moja.

Alirudi ndani akaketi kwenye ukingo wa kitanda.  Kisha akauliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia. Ukasema nina kijicho."

"Ungerudia, dada! Ungenipiga kibao."

"Ningekupiga, halafu?" Mashavu alikohoa, akangoja kikohozi kimalize mambo yake. "Ulikuwa unafurahi. Na sukari ulikuwa unaleta." Sauti yake haikuwa na ugomvi. "Unamkumbuka mama? Alikuwa anarudi kwa sala ya adhuhuri. Analeta unga, analeta sukari, anakaa kizingitini anatusuka nywele mpaka alasiri. Shuleni mnaimba kwamba mama aliponda siku nzima. Mimi namkumbuka kizingitini. Wanangu mimi sijawasuka hata mara moja, Siwema. Siwema wa kwenye daftari anajaza debe kabla ya chai, kwa hiyo debe likawa halina thamani, na mimi nikawa mvivu."

Siwema akaona yote mara moja. Wamemfanya nyundo. Wamemwinua na kumshusha juu ya dada yake miaka yote hii, na yeye alikuwa akitabasamu kwenye madaftari. Hasira ilimjaa, na hakukuwa na wa kumpiga mle ndani ila yeye mwenyewe.

Lakini moyo wa mtu hauachi kutafuta pa kushika. Ulipokaribia usingizi ukashika jina la Mlezi Mkuu. Yule hajui! Wanamficha, akina Dakta Pazi na maprofesa wao. Angejua asingekubali. Si yeye aliyemwita mama? Si yeye aliyeahidi? Akiona kwa macho yake jiwe la kweli na debe la kweli, atalia, na atawarudishia watu muda wao.

Siwema aliporudi mjini akamwomba Dakta Pazi jambo dogo. Kwa kuwa ni jubilei, mawe ya mwaka huu yatoke Kilimachuma alikoanzia, na yabebwe na wanawake wenzake kwa nyimbo. Na debe liwe la zamani, lipambwe maua.

"Utamaduni!" Dakta Pazi alisema, na macho yakamlowa. Alitia sahihi palepale. Hakutuma mtu kukagua, maana yeye mwenyewe alijua kwamba jiwe ni jiwe.

Wanawake wa machimboni walikubali. Waliketi na Siwema wakala kiapo: watakuwa pembeni yake uwanjani, na hata ikiwa njaa itawauma vipi hawatanyanyuka mpaka kapu la kweli lipatikane kwa mawe ya kweli, Mlezi Mkuu akiona. Chausiku ndiye aliyeapa kwa sauti kubwa kuliko wote.

Siku ilifika. Mabalozi waliketi chini ya mahema. Nyuma ya jukwaa masufuria ya pilau yalikuwa yamefunikwa kwa makaa, na harufu yake ilikuwa inatembea uwanjani kama mgeni rasmi. Mlezi Mkuu, ambaye sasa alikuwa mnene na mwenye upara, alisema maneno ya itifaki: "Sitakula wala sitanyanyuka mpaka mama wa kawaida apate kapu lake." Watu wakapiga makofi. Siwema akapiga jiwe.

Saa nne ikafika, wapiga kengele wakaweka mikono tayari. Debe la kwanza lilikuwa halijafika nusu. Bendi ilipiga wimbo wa taifa, kisha ikaurudia, kisha ikapiga nyimbo za harusi. Jua likafika utosini. Balozi mmoja alitafuna tai yake. Dakta Pazi alijifuta jasho, na huenda lilikuwa la kwanza maishani mwake, maana alilitazama kwenye leso kwa mshangao.

Alasiri akasimama kwenye kipaza sauti. "Ndugu wananchi," alisema, "wataalamu wameniarifu hivi punde kwamba mafuta ya taa yamepitwa na wakati. Taifa linaelekea kwenye mwanga." Mtu akaja akatoa chupa kwenye kapu. Siwema hakuinua uso.

Baadaye kidogo akasimama tena. "Kanga, ndugu wananchi, ni vazi la heshima, na heshima hainunuliwi." Kanga ikatolewa. Halafu sabuni, kwa sababu usafi unaanzia moyoni. Sukari ikabaki peke yake. Ikapunguzwa nusu, ikapunguzwa robo, ikabaki kijiko kimoja ndani ya karatasi. Na Siwema alikuwa ndiyo kwanza anafikia shingo ya debe la kwanza, viganja vinatoka damu, na kwa kila pigo anasema moyoni, tazama, baba, tazama mwenyewe.

Mlezi Mkuu akatazama. Kisha akafanya jambo ambalo itifaki inaliruhusu kama mtu hanyanyuki: aliamuru kiti chake kibebwe mpaka katikati ya uwanja. Walinzi wanne wakakibeba, wakakiweka karibu na Siwema. Moyo wa Siwema uliruka. Akashusha nyundo pajani bila kuiachia, akainua uso wenye vumbi, akangoja machozi ya baba wa taifa.

Mlezi Mkuu aliinama mpaka sikioni kwake. Mdomo wake ulinuka njaa.

"Mama," alisema taratibu, kama mtu aliyeumizwa, "nani amekubadilishia mawe? Yale mengine nilikuchagulia mwenyewe."

 Siwema alijisikia kama mtu aliyeteremka ngazi gizani akadhani imebaki moja.

Mlezi Mkuu akanyoosha mkono, akakitoa kile kijiko cha sukari kwenye kapu, akakitia mdomoni. Akaomba kipaza sauti. "Wananchi wenzangu! Kapu hili limesukwa kwa ukindu wa nchi yetu. Kuna zawadi gani kubwa kuliko kapu lenyewe? Mwaka huu Kapu la Taifa ni kapu. Halina kitu ndani, kwa hiyo halimgharimu mwananchi hata dakika. Limepatikana zamani. Tulikuwa tunachelewa bure!" Akavuta pumzi. "Lakini sisi si madikteta. Wanaokubali kengele ilie, tukale, wapige makofi."

Uwanja ulikuwa kimya. Harufu ya pilau ilipita. Siwema aligeuka akawatazama wanawake wa Kilimachuma, waliokaa chini pembeni yake na midomo mikavu. Akamtazama Chausiku. Chausiku alikuwa na watoto wadogo nyumbani waliokuwa hawajala tangu jana, na kwenye tumbo lake mlikuwa na mwingine. Alimtazama Siwema, machozi yakamtoka, na akapiga makofi. Wenzake wakafuata. Mikono yenye vumbi la mawe ikigongana hutoa wingu dogo jeupe, na mawingu hayo yalipanda juu yao yote kwa pamoja. Kisha uwanja mzima ukalipuka, na kengele ikalia.

Ilikuwa rekodi ya dunia. Mashirika ya nje yalituma salamu. Jioni ile ile Dakta Pazi alitangaza malipo mapya ya debe: kwa kuwa mahitaji ya kila siku sasa hayahitaji kazi, haikuonekana busara kuendelea kulipia kazi. Kuhusu muda uliookolewa, alisema umetumika wote leo uwanjani, kumngoja mama wa kawaida amalize. Mwananchi wa kawaida mpya angetafutwa, kijana zaidi.

Siwema alitembea kwa miguu mpaka Kilimachuma na kapu tupu begani. Alimkuta Mashavu macho wazi, redio ya zamani ambayo Siwema aliwahi kumletea, iliyokuwa imetangaza sherehe mchana kutwa, iko kando ya mto wa kulalia.

"Umerudi," Mashavu alisema.

"Nimerudi, dada. Sina muda wowote. Hawakunipa hata nukta. Nimetoroka tu." Akaketi chini, mgongo kwenye kitanda, na yote yakamtoka kwa mkupuo. "Ni yeye, dada. Mawe alichagua yeye. Miaka yote. Na wale wenzako, tuliokula nao kiapo, tuliolia nao, wamepiga makofi. Chausiku ndiye aliyeanza. Nilikuwa namtazama! Ningekufa pale na nyundo yangu mkononi, na wao wanapiga makofi."

"Nilisikia."

"Sitamsamehe Chausiku mpaka naingia kaburini."

 Mkono mwepesi wa Mashavu ukashuka kutoka kitandani ukagusa utosi wake, ukaanza kutenganisha nywele zake kwa vidole, polepole, ukitafuta njia.

"Usimlaumu Chausiku," alisema. "Nami nilipiga."

"Ulipiga nini?"

"Makofi. Hapa kitandani, peke yangu. Aliposema wanaokubali wapige, nikapiga kwa nguvu zote nilizobaki nazo." Alipumzika kidogo. "Nilitaka unyanyuke, Siwema. Nilitaka urudi nyumbani."

Siwema alitaka kumgeukia dada yake kwa hasira, akaitafuta hasira yenyewe asiione. Alikaa vilevile, kichwa kikiwa mikononi mwa mgonjwa, akafikiri kwamba katika Afueni nzima, toka ikulu mpaka chumba hiki, mtu mmoja tu hakupiga makofi siku hiyo, naye labda ni kwa sababu mikono yake ilikuwa imeshika nyundo.